M8 Greyhound ya 1/35: rimu zimelika, mtutu hauko, bodi imepinda. Nianzie wapi?

Deraya_Kamalondo (Lubumbashi)

Jambo bandugu. Niko na modeli ya gari la deraya la M8 Greyhound, skeli 1/35 (ndogo mara 35 kuliko gari lenyewe), ya boksi la zamani. Hali yake ni hii:

Magurudumu yanatakiwa sita, yamebaki manne. Mawili kati ya hayo rimu zake zimelika pale zinapogusana na tairi laini, plastiki imekuwa kama pipi iliyonyonywa. Hakuna gundi iliyofika pale, wala moto.

Mtutu wa mzinga wa milimita 37 umekatikia kwenye shina na kipande hakionekani.

Madigadi ya nyuma upande wa kuume yamevunjika. Aliyekuwa nayo kabla aliyabandika kwa supaglu yakiwa yamekaa upande, na pembeni kumetokea ukungu mweupe.

Sakafu ya bodi imepinda kama mtumbwi. Nikiilaza juu ya kioo, pua na mkia vinainuka kama milimita 2.

Shiti za plastiki za modeli hapa hazipatikani, na gundi yake pia. Ninavyo wembe, rula ya chuma, msasa wa 400 na wa 800, asetoni, supaglu, na kadi tatu za benki zilizokwisha muda. Je, kadi hizo zafaa kukatia madigadi? Magurudumu nitayanakili namna gani? Na mwenye vipimo vya gari lenyewe anisaidie.

---

Wembe_na_Rula (Bukavu)

Ndugu, anza na rimu, maana huo ugonjwa bado unaendelea wakati tunaandika. Tairi laini za modeli nyingi za zamani ni PVC iliyotiwa dawa ya kulainisha. Dawa hiyo haikai mahali, inatoka polepole na kuingia kwenye polistireni, ile plastiki ngumu ya rimu na modeli yenyewe, na kuiyeyusha. Joto huharakisha. Vua tairi zote leo hii, hata kwenye rimu mbili ambazo bado nzima, uzifungie mbali na modeli. Kama siku moja utazirudisha, weka kizuizi katikati: ukanda wa karatasi ya alumini ya jikoni kuzunguka rimu. Rangi peke yake usiitegemee, nyingi hupenywa.

Vipimo. M8 halisi ina urefu wa mita 5.00, upana 2.54, kimo 2.25. Gawanya kwa 35: urefu milimita 143, upana 72.5, kimo 64. Tairi ni 9.00-20, yaani upana wa inchi 9 kwenye rimu ya inchi 20. Kipenyo cha nje kinakaribia mita moja na sentimita 2 au 3, kwa hiyo kwenye modeli ni milimita 29 hivi, na unene 6.5. Gurudumu ndilo rula yako. Ukipata picha ya gari lililopigwa ubavuni kabisa, pima kipenyo cha tairi kwenye picha, kisha kila kitu kingine kipime kwa uwiano na tairi. Picha iliyopigwa kwa pembe itakudanganya: kilicho karibu na kamera kinakuwa kikubwa, na utajenga madigadi ya mbele marefu kuliko ya nyuma bila kujua kosa limetoka wapi.

Sasa kadi za benki. Kadi ina unene wa milimita 0.76. Zidisha kwa 35, unapata karibu milimita 27. Deraya nene ya bodi ya M8 yenyewe ni milimita 19. Madigadi yako yatakuwa mazito kuliko deraya! Isitoshe kadi ni PVC. Gundi ya kuyeyusha polistireni haiishiki, itabidi supaglu kila kiungo.

Tumia kikopo cha mtindi. Tazama chini yake: pembetatu yenye namba 6 ni polistireni. Kama alama imefutika, kata kipande ukitumbukize kwenye maji, ukisukume chini kwa kidole kitoke na mapovu. Polistireni inazama. Polipropilini (namba 5) inaelea, na hiyo itupe, hakuna gundi ya kawaida inayoishika. PET ya chupa nayo inazama, kwa hiyo jaribu la pili ni tone la asetoni: polistireni inanata chini ya kidole, PET haijali. Kujua unene bila kalipa (kifaa cha kupimia unene), kata vipande kumi, vipange pamoja, pima kwa rula na ugawe kwa kumi. Ukuta wa kikopo mara nyingi unatoka 0.3 hivi.

Kwa madigadi yaliyogongwa, yenye mikunjo, hata mtindi ni mnene. Kata kopo la soda: ukuta wake ni kama milimita 0.1, sawa na bati la milimita 3.5. Si kamili, lakini jicho linakubali. Likiwa gumu kukunja, chora mstari kwa sabuni ya kufulia, pitisha juu ya moto wa mshumaa upande wa pili mpaka mstari ugeuke mweusi, uache upoe. Alumini inakuwa laini kama karatasi. Usizidishe, ikizidi inaanguka yenyewe.

---

Fundi_Katuba (Lubumbashi)

Nakubaliana na Wembe_na_Rula kwa mengi, ila kadi usizitupe, mdogo wangu. Kadi ni nzuri kwa mbavu za ndani zisizoonekana, na kwa kutengeneza kielelezo: kata umbo la digadi moja kwenye kadi, halafu tumia hilo kuchorea vipande vyote vya mtindi. Wembe hauli kadi haraka, kwa hiyo vipande vinatoka sawa.

Gundi. Asetoni pekee kwa polistireni ni mbaya: inakauka kabla hujafunga kiungo, na inaifanya plastiki ivimbe na kunata badala ya kuyeyuka vizuri. Nenda kwa wanaopaka rangi za magari, uombe diluani ya seluloze, yaani dawa ya kuzimulia rangi, mililita 50 zinakutosha mwaka. Shikilia vipande viwili pamoja vikiwa vikavu, gusa ufa kwa ncha ya brashi namba 0 iliyoloa, diluani itakimbia yenyewe ndani ya ufa. Hesabu hadi thelathini, achia. Usipake kwanza halafu ndipo uunganishe, utaacha alama za vidole milele. Kwenye plastiki ya mtindi gusa mara moja tu. Ukirudia mara tatu inakunjamana. Dirisha wazi, na mshumaa wa kopo la soda uwe umekwisha kuzimwa!

Ule ukungu mweupe ni mvuke wa supaglu. Gundi inapokauka mahali palipofungwa, mvuke wake unatua pembeni na kuganda. Uko juu juu tu: msasa wa 800 wenye maji, au mafuta kidogo kwenye kitambaa kama hutapaka rangi. Kuondoa digadi lililobandikwa vibaya usivute, na usitie asetoni, utapoteza bodi. Weka modeli kwenye mfuko wa plastiki, ndani ya friza saa tatu au nne. Supaglu ikipoa inakuwa kavu kama biskuti. Toa, ingiza ncha ya wembe kwenye ufa, zungusha kidogo: inapasuka.

Mtutu. Mzinga wa milimita 37 kwa 35 ni tundu la milimita 1.06, kwa hiyo toboa kwa kekee ya milimita 1. Njia mbili:

Ya kwanza, mashada, yaani zile fimbo zinazobeba vipande ndani ya boksi. Kata fimbo nyoofu ya sentimita 8, funga kwenye kekee ya umeme, zungusha polepole huku umeikamata kwa msasa wa 400 uliokunjwa na kuloweshwa. Ukienda mbio, msuguano unaiyeyusha na inajipinda kama mkia wa nguruwe. Faida yake unapata mtutu unaokonda kuelekea mdomoni, na ule wa M6, yaani mzinga wenyewe wa gari hili, unakonda kweli. Tundu litoboe kabla ya kukondesha, wakati fimbo bado nene. Ukitoboa mwisho, kekee inatokea ubavuni.

Ya pili, sindano mpya ya mifugo ya 16G: nje 1.65, ndani karibu 1.2. Iko tayari na tundu, ila haikondi. Usiikate kwa koleo, utabana mdomo. Iviringishe chini ya kona ya tupa mpaka mfereji uzunguke pande zote, halafu ivunje. Kwa bunduki ya Browning ya 12.7 juu ya tureli (kile kichwa kinachozunguka na mzinga), sindano ya kijani ya 21G, ambayo ni 0.8 nje, ndiyo yenyewe. Sindano iwe mpya, kutoka duka la dawa. Iliyotumika usiiguse hata kama imechemshwa.

Mrija wa wino wa kalamu ya Bic usijaribu, haushiki gundi.

---

Lava35 (Goma)

Magurudumu niachieni mimi.

Usinakili manne. Nakili yote sita. Ukiweka mawili ya asili na manne ya kalibu, kimo kitatofautiana kwa nusu milimita na gari la ekseli tatu halisamehe: gurudumu moja litaning'inia, kila mtu ataliona.

Unahitaji silikoni ya madirisha, ile yenye harufu ya siki, na maizena, yaani wanga wa mahindi. Silikoni peke yake inakauka kwa unyevu wa hewa, toka nje kwenda ndani. Donge nene litabaki bichi katikati siku nyingi. Maizena inapeleka unyevu hadi ndani, ndiyo maana mchanganyiko unaganda kwa dakika 15 au 20.

Chagua gurudumu bora, lile ambalo rimu haijalika, na tairi lake likiwa limevaliwa. Ziba nafasi kati ya tairi na rimu kwa udongo wa kuchezea wa watoto. Lilaze kwenye kadi, uso juu, libandike kwa tone la gundi nyeupe. Paka mafuta ya vaselini, membamba kabisa. Yakijaa kwenye meno ya tairi, meno hayo hayatatoka.

Ngozi ya kwanza: silikoni vipimo vinne, maizena kimoja. Isukume kwa brashi iliyoloa maji ya sabuni ndani ya kila tundu la nati na kila jino, unene milimita 2. Ikishaganda, tengeneza donge la kipimo kimoja kwa kimoja, ukande kama chapati, ufunike pande zote kwa sentimita moja. Acha usiku kucha. Saa moja inatosha kuitoa, ila kalibu iliyotolewa mapema inaendelea kusinyaa na kupoteza duara.

Epoksi: ile ya mirija miwili inayokauka kwa saa 24, si ya dakika tano. Ya dakika tano ni nzito, inabeba mapovu na kuyafungia. Gurudumu moja linakula mililita 4, sita ni 24, kwa hiyo nunua ya 30 au upunguze kwa kuweka kipande cha shada katikati ya kila moja. Tumbukiza mirija kwenye maji ya moto dakika 10 ili ilegee, changanya nusu kwa nusu, koroga polepole dakika mbili. Nyunyiza talki ya mtoto ndani ya kalibu, ipulize itoke, ibaki vumbi tu. Inaisaidia epoksi kuingia kwenye kona. Paka safu ya kwanza kwa brashi, ndipo ujaze. Gonga meza mara hamsini.

Wewe uko Lubumbashi: Juni na Julai usiku baridi inashuka chini ya nyuzi 10, na epoksi chini ya nyuzi 15 inabaki kunata hata siku tatu. Mwaga asubuhi, uweke kalibu karibu na taa au juu ya friji.

Kalibu hii ya maizena haina maisha marefu, baada ya wiki kadhaa inaota kuvu. Mwaga magurudumu yote mfululizo.

---

Deraya_Kamalondo

Aksanti sana, bayaya. Tairi nimeshazivua. Digadi limetoka kwenye friza bila kovu, ila nimepata shimo la milimita 3 kwenye bodi pale lilipokuwa limeshikamana.

Maswali matatu. Silikoni niliyopata dukani haina harufu ya siki, imeandikwa "neutre". Inafaa? Shimo nilizibe kwa mastiki ya gari? Na sakafu iliyopinda bado, naogopa maji ya moto.

---

Lava35

Hiyo neutre rudisha dukani. Maizena haiigandishi inavyotakiwa, utakaa na unga unaonata wiki nzima.

---

Fundi_Katuba

Mastiki ya gari ina stireni ndani yake, na stireni ni ndugu wa damu wa plastiki yako: inaiyeyusha. Kwa shimo dogo kwenye plastiki nene inakubalika, mradi safu iwe nyembamba na usirundike. Lakini kwa milimita 3 mimi ningekata kipande cha mtindi, nikibandike kwa ndani, halafu juu nijaze supaglu na talki, unga mwingi mpaka iwe kama siagi ya karanga. Ipige msasa ndani ya saa moja. Ukiiacha hadi kesho inakuwa ngumu kuliko plastiki inayoizunguka, msasa utakula bodi na kuacha kilima. Wengine hutia soda ya mandazi badala ya talki. Inaganda papo hapo, na kwa sababu hiyo hiyo huna nafasi ya kuisawazisha.

---

Wembe_na_Rula

Maji ya moto hayana hatari ukijua nyuzi zake. Lubumbashi iko kwenye mita 1,200 hivi, maji yanachemka karibu nyuzi 96. Hapa Bukavu na kule Goma, mita 1,500, ni 95. Hayo ya kuchemka usitie sakafu ndani, itajikunja kama jani. Changanya vikombe viwili vya maji yanayochemka na kimoja cha bomba: unapata nyuzi 70. Ondoa kwanza ekseli na kila kipande chembamba. Tumbukiza sakafu sekunde 15, toa, igandamize kwenye kioo, juu yake weka kitabu kizito au tofali lililofungwa kitambaa, mwagia maji baridi. Ikirudi kupinda, ongeza hadi vikombe vitatu kwa kimoja, nyuzi 77. Usipite hapo kwa mkupuo mmoja. Bora kurudia mara nne kwa moto mdogo kuliko mara moja kwa mkubwa.

Ikishanyooka bado ina kumbukumbu ya ule upinde. Bandika ndani mbavu mbili za kadi ya benki kwa urefu, zimesimama wima, kimo milimita 6, kwa supaglu. Hapo kadi zako zimepata kazi, Fundi_Katuba alisema kweli.

---

Mama_Tureli (Lubumbashi)

Hakuna aliyegusa rangi, nami naona Deraya atakwenda kununua kopo la rangi ya magari, kijani cha jeshi, na kulimwaga lote.

Rangi ya gari ina diluani ileile unayogundishia. Ukipuliza karibu, madigadi ya mtindi yatakunjamana mbele ya macho yako. Kwanza apreti, yaani rangi ya chini: sentimita 30, pita mara moja kama ukungu, acha dakika 15, pita tena. Safu mbili za ukungu zikishakauka zinakuwa ngao, ndipo rangi ifuate. Wakati wa mvua, Novemba hadi Machi, usipulize mawingu yakiwa yamekaa: unyevu unaganda ndani ya rangi na kijani kinakuwa cheupe kama maziwa. Bukavu mnalijua hili kuliko sisi. Kijani chenyewe kipunguze kwa nyeupe, tone moja kwa kumi, kwani rangi ya gari kubwa ikiwekwa kwenye kitu cha sentimita 14 inaonekana nyeusi.

Vumbi tuko nalo bure. Udongo mwekundu wa hapa ukauke juani, uusage kwa chupa, uuchekeche kwenye soksi ya nailoni. Punje ya milimita 0.1 kwenye skeli hii ni jiwe la milimita 3.5, kwa hiyo kinachobaki kwenye soksi ni cha kutupa. Usiutumie mtupu, uwekundu wake ni mkali mno kwa modeli. Changanya na majivu meupe ya makaa, nusu kwa nusu. Upake mkavu kwa brashi chini ya madigadi na kwenye rafu za kubebea mabomu ya ardhini kati ya gurudumu la mbele na la kati, kisha gusa kwa pombe ya duka la dawa ushike. Ukiwa umeloa unageuka kahawia nzito, usiogope na usiongeze mwingine. Subiri ukauke ndipo uamue.

Na alama. Kama unataka kulifanya la Katanga iliyojitenga na Kongo, 1960 hadi 1963, bendera ina nyekundu na nyeupe, mstari wa kijani wa mshazari, na misalaba mitatu ya shaba. Lakini alama gani ilikaa wapi kwenye gari lipi, hilo lijibiwe na picha, si na kichwa. Bila picha, acha kijani kitupu. Kwa upande wa jeshi la Umoja wa Mataifa huko Kongo, ONUC, shida ni ileile, hata kama nyeupe inavutia.

---

Lava35

Kwa msingi wa kuwekea gari, mkitaka lava nitumieni ujumbe, huku Goma ndiyo tunayokanyaga toka milipuko ya volkano ya 2002 na 2021. Ila chagueni ile iliyosagika, nyeusi kama masizi. Kipande chenye matundu makubwa kwenye 1/35 kinaonekana kama jibini, na kinakwaruza tairi.

---

Deraya_Kamalondo

Mama_Tureli, ngao hiyo ya apreti inafaa pia juu ya epoksi ya magurudumu, ama niyapake moja kwa moja?

---

Mama_Tureli

Yaoshe kwanza kwa sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani. Vaselini ya kalibu imebaki kwenye meno, na apreti itakimbia kama maji juu ya jani la mhogo. Yakikauka, msasa wa 800 kwenye uso laini wa rimu, kisha apreti. Tairi usilipake nyeusi tupu: nyeusi vipimo vitatu, ule udongo wako kimoja.

---

Fundi_Katuba

Na ekseli utoboe kabla ya rangi, mdogo wangu. Tafuta kitovu kwa bikari, si kwa jicho.